Eurovision: shindano lililozaliwa kwenye chumba cha mikutano



Tarehe 20 Septemba 2025, Sanaipei Tande, yule mwanamama mwenye sauti kutoka Mombasa, alipanda jukwaani huko Moscow kuiwakilisha Kenya kwenye shindano la nyimbo linaloitwa Intervision. Kesho yake rafiki yangu mmoja akanitumia ujumbe: "Hivi sisi Waafrika tumeshaingia Eurovision?" Nikamjibu hapana, hiyo ni Intervision, ni kitu kingine. Akauliza tena: "Sasa tofauti ni nini, na hiyo Eurovision yenyewe aliianzisha nani?"

Nikaanza kuandika jibu fupi, likawa refu, likawa hili mnalolisoma. Kwa hiyo lawama zote mpelekeeni yeye.

Niseme mapema kwamba sitaongelea magauni, fataki wala vituko vya jukwaani. Hayo mnayajua. Kinachonivutia mimi ni ile miezi kama kumi na sita kabla ya wimbo wa kwanza kuimbwa, pale watu wenye suti na mafaili walipokuwa wanajiuliza kama jambo lenyewe linawezekana. Maana huku kwetu tunajua kuimba, hilo halina ubishi. Shida yetu huwa iko kwenye vikao.

BARA LILILOTOKA KUCHINJANA

Turudi nyuma kidogo. Vita vya Pili vya Dunia viliisha mwaka 1945. Redio zilikuwa silaha katika vita vile, kila upande ukirusha propaganda kwa upande wa pili. Sasa fikiria kuwaambia watu hao hao, miaka michache baadaye, kwamba wakae meza moja wagawane vipindi.

Ndicho kilichofanyika. Februari 1950, mashirika 23 ya utangazaji yalikutana Torquay, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza, yakaunda Umoja wa Utangazaji wa Ulaya, unaojulikana kwa kifupi chake EBU. Nchi za kambi ya Kisoviet zilikuwa na umoja wao. Kwa maneno mengine, hata mawimbi ya hewani yalikuwa yameshachorewa mpaka. Tukumbuke hilo, maana litarudi mwishoni.

Jambo moja ambalo wengi hawalijui ni kwamba "Ulaya" ya watangazaji haikuwa Ulaya ya ramani ya darasani. Eneo la Utangazaji la Ulaya, kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za mawimbi, linashuka kusini hadi nyuzi 30 Kaskazini. Maana yake pwani yote ya Afrika Kaskazini imo. Ndiyo maana Tunisia ilijiandikisha kwa shindano la 1977, kisha ikajitoa. Na ndiyo maana Morocco ilishiriki kweli mwaka 1980 kupitia Samira Bensaïd. Ilishiriki mara hiyo moja tu, na hadi leo hakuna nchi nyingine ya Afrika iliyowahi kupanda jukwaa lile.

TATIZO LILIKUWA PICHA

Miaka ile luninga ilikuwa kitu kichanga. Sanduku lenyewe lilikuwa ghali, na kipindi kilikuwa ghali zaidi. Kituo cha luninga ni kama mtoto mchanga, kila siku kinataka kulishwa. Redio unaweza kuilisha santuri, lakini luninga inataka kamera, taa, mapambo, wachezaji na mafundi, na kipindi kikishaonyeshwa basi, kesho unaanza upya. Ndipo ikaja hesabu rahisi kabisa: kama kila nchi ikitengeneza kitu kimoja kizuri na kuwapa wenzake, kila mmoja atapata vingi kwa bei ya kimoja. Mtu wa Kariakoo angeuita mchezo wa kupeana.

Ila mafundi walikuwa na kichwa kinauma. Picha ya luninga huchorwa kwa mistari, na kila mkubwa alikuwa na mistari yake. Uingereza walitumia mistari 405. Ufaransa, kwa fahari yao, 819. Nchi nyingine nyingi 625. Picha ya London huwezi kuipeleka Paris hivi hivi, lazima igeuzwe njiani. Njia mojawapo ya kuigeuza ilikuwa ya kienyeji kabisa: unaweka kamera ya mfumo mmoja mbele ya kioo cha mfumo mwingine, unapiga picha ya picha. Ubora unapungua, lakini jambo linakwenda.

Tarehe 2 Juni 1953, Malkia Elizabeth wa Pili alipotawazwa London, sherehe ile ilionekana moja kwa moja Ufaransa, Uholanzi na Ujerumani Magharibi. Watu wakaona kumbe inawezekana. Mwaka uliofuata, tarehe 6 Juni 1954, mtandao wa nchi nane ulizinduliwa rasmi. Na unajua kipindi cha kwanza kilikuwa nini? Gwaride la maua mjini Montreux, Uswisi. Baada ya maua akafuata Papa Pius wa Kumi na Mbili kutoka Vatican. Wiki hizo hizo Kombe la Dunia likachezwa Uswisi, na mechi zikarushwa. Fainali Ujerumani Magharibi wakawafunga Hungary 3-2 mjini Bern. Sijui kama kuna tangazo la biashara ya luninga lililowahi kuizidi mechi ile.

Ili picha zivuke kati ya Italia na kaskazini ilibidi mitambo ipandishwe juu ya milima ya Alps, kwenye theluji, kilele kimoja kikitupia mawimbi kilele kingine. Jungfraujoch, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa moja ya vituo hivyo. Kwa hiyo Uswisi, nchi ndogo iliyo katikati, ikawa kama stendi ya Ubungo ya zamani: kila basi lilipita hapo.

Na jina? Neno "Eurovision" halikubuniwa na kamati yoyote. Ni mwandishi wa habari, George Campey wa gazeti la Evening Standard la London, aliyeliandika mwaka 1951 akiongelea kipindi cha BBC kilichoonyeshwa Uholanzi. Waandishi wenzangu, tusidharau vichwa vyetu vya habari. Na lilikuwa jina la mtandao mzima, mpira na gwaride vikiwemo. Shindano la nyimbo lilikuja kuwa kipindi kimoja ndani ya mtandao huo, kisha mtoto akameza jina la mzazi.

NANI HASA BABA WA SHINDANO?

Ukisoma makala nyingi utakuta jina moja: Marcel Bezençon, Mswisi, aliyezaliwa 1907, mkurugenzi mkuu wa shirika la utangazaji la Uswisi na mwenyekiti wa kamati ya vipindi ya EBU. Ni kweli alikuwa mtu muhimu. Bila yeye faili lisingesogea. Lakini wazo lenyewe lina alama za vidole vya Mtaliano.

Italia walikuwa na tamasha la nyimbo la Sanremo tangu 1951. Mshindi wa kwanza alikuwa Nilla Pizzi. Utaratibu wake: watunzi wanaleta nyimbo mpya, waimbaji wanaziimba mbele ya okestra, majaji wanapiga kura, nchi nzima inabishana wiki nzima. Sergio Pugliese, mwandishi wa tamthilia ambaye alikuwa anaongoza vipindi vya luninga vya shirika la RAI, aliona kwamba kilichofanya kazi Italia kinaweza kufanya kazi kwa bara zima.

Januari 1955 kamati ya vipindi ilikutana Monaco, Bezençon akiwa kitini. Mezani palikuwa na mawazo mawili. La kwanza, shindano la nyimbo la Ulaya. La pili, shindano la wasanii wa ridhaa, watu wa kawaida wenye vipaji mbalimbali. Ukitazama vipindi vya kusaka vipaji vilivyofurika duniani miaka ya 2000, utaona wazo la pili halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Lilikuja mapema tu. Oktoba mwaka huo mkutano mkuu wa EBU ulikaa Roma, katika jumba la Palazzo Corsini, na shindano la nyimbo likapitishwa. Uswisi wakakubali kuwa wenyeji: mji wa Lugano, majira ya kuchipua ya 1956.

Kwa nini nyimbo? Hakuna jibu moja, ila tazama vitu vilivyokuwa vimeshavuka mipaka vizuri: gwaride, mpira, Papa, sherehe za kifalme. Vyote unavielewa hata kama huelewi lugha ya mtangazaji. Tamthilia ingehitaji tafsiri. Vichekesho vingekufa mpakani. Wimbo unaweza kuupenda bila kuelewa neno hata moja, na sisi tuliokua tukicheza muziki wa Kikongo bila kujua Kilingala hatuhitaji kuelezwa zaidi.

KANUNI, KANUNI, KANUNI

Hapa ndipo ninapowavulia kofia wale wazee. Kabla ya tiketi hata moja kutolewa, walikaa wakaandika kanuni.

Kila nchi ilete nyimbo mbili. Kila wimbo usizidi dakika tatu na nusu. Aimbe mtu mmoja, makundi hayaruhusiwi. Nchi zikashauriwa ziendeshe mchujo wa kitaifa kwanza, ili wananchi wajione wamo. Na jambo la msingi kuliko yote: mshindi ni WIMBO. Lilikuwa shindano la watunzi, mwimbaji akiwa mjumbe wa kuufikisha. Ndiyo maana mpaka leo jina rasmi ni shindano la nyimbo, hata kama siku hizi macho yote yako kwa mwimbaji.

Kura je? Kila nchi ilitakiwa kutuma majaji wawili Lugano. Wangekaa chumba cha peke yao, watazame kwenye kioo kidogo kama mtazamaji wa nyumbani, na kupiga kura kwa siri. Na waliruhusiwa kuipigia nchi yao wenyewe.

Naona mmeshaanza kucheka. Subirini.

USIKU WA LUGANO

Alhamisi, tarehe 24 Mei 1956, ukumbi wa Teatro Kursaal. Nchi saba: Uholanzi, Uswisi, Ubelgiji, Ujerumani Magharibi, Ufaransa, Luxembourg na Italia. Nyimbo 14. Mshereheshaji alikuwa mwanamume, Lohengrin Filipello, aliyeongea Kiitaliano. Waliofuatilia wengi walikuwa kwenye redio, maana nyumba zenye luninga zilikuwa za kuhesabu.

Wa kwanza kuimba alikuwa Jetty Paerl wa Uholanzi. Jina hili nililipita mara ya kwanza bila kusimama, baadaye nikarudi. Jetty Paerl alitoka familia ya Kiyahudi iliyokimbilia London wakati Wanazi walipoivamia Uholanzi. Huko akaimba kwenye Radio Oranje, kituo cha serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni, na sauti yake ikawafikia kwa siri watu waliokuwa chini ya utawala wa kijeshi wa Wajerumani. Miaka 11 baada ya vita, mwanamke yule yule anafungua shindano ambalo Wajerumani nao ni washiriki, sauti yake ikipita kwenye mitambo ya pamoja. Sijui aliwaza nini pale jukwaani. Ila kama mtu atakuambia kilichopangwa Monaco kilikuwa burudani tu, mtajie jina hilo.

Mshindi alikuwa Lys Assia wa Uswisi, wenyeji, kwa wimbo "Refrain" ulioandikwa na Géo Voumard na Émile Gardaz. (Voumard huyo huyo baadaye, mwaka 1967, alikuwa mmoja wa waasisi wa tamasha la jazz la Montreux.) Nafasi ya pili? Haikutangazwa. Ya tatu? Haikutangazwa. Kura zenyewe hazijawahi kuwekwa hadharani hadi leo.

Sasa fanya hesabu. Luxembourg haikupeleka majaji wake, ikawaomba Waswisi wawapigie. Kwa hiyo kati ya kura za majaji 14, wanne walikuwa Waswisi, wakiruhusiwa kuipigia Uswisi, Uswisi ikiwa mwenyeji, na Uswisi ikashinda! Sisemi kulikuwa na wizi. Ushahidi haupo, na wimbo ulipendwa. Ninachosema ni kwamba hata mshindi halali anavaa nguo yenye doa pale kura inapohesabiwa gizani. Nadhani wasomaji wa ukanda wetu huu mnaelewa jambo hilo bila mimi kutaja mwaka wala nchi.

WALIPOKOSEA, WALIREKEBISHA

Na hapa ndipo siri ya umri wa kitu hiki ilipo. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Machi 1957 mjini Frankfurt, kanuni zilikuwa zimebadilika. Majaji walibaki nchini kwao, kumi kumi, na matokeo yakatolewa kwa simu mbele ya watazamaji wote, namba zikiandikwa ubaoni. Nchi haikuruhusiwa tena kujipigia kura. Waimbaji wawili kwa pamoja waliruhusiwa. Wimbo ukabaki mmoja kwa kila nchi. Uingereza, Denmark na Austria wakaingia.

Kosa jipya likajitokeza papo hapo: wimbo wa Italia, ulioimbwa na Nunzio Gallo, ulizidi dakika tano na hakuna aliyemzuia. Baada ya hapo ukomo wa dakika tatu ukaanza kusimamiwa kweli kweli. Yaani kila fedheha iliacha kifungu kipya kwenye karatasi.

Kuna jambo la kuchekesha kuhusu tarehe ile. Jumapili hiyo hiyo ya 3 Machi 1957, wananchi wa Uswisi, walioandaa shindano la kwanza na kulishinda, walipiga kura ya maoni kuhusu kuingiza redio na luninga kwenye katiba yao. Wakakataa! Luninga bado ilikuwa mgeni asiyeaminika hata kwa waliompokea kwanza.

UKUTA ULIKUWEPO, NA BADO UPO

Nilisema tukumbuke ule mpaka wa hewani. Kambi ya Mashariki nayo ilijenga mtandao wake, Intervision, na ikafanya mashindano yake ya nyimbo, kwanza Czechoslovakia katika miaka ya 1960, kisha Sopot, Poland, kati ya 1977 na 1980. Urusi ilifukuzwa Eurovision mwaka 2022 baada ya kuivamia Ukraine, na mwaka 2025 ikalifufua jina hilo la zamani. Vietnam wakashinda kupitia Duc Phuc. Hapo ndipo Sanaipei wetu alipoimba. Kwa hiyo rafiki yangu, jibu lako ni hilo: Kenya imeingia kwenye tawi la pili la ugomvi ulioanza kabla babu zetu hawajapata uhuru.

Na huko kwenye tawi la kwanza mambo si shwari. Desemba 2025, Uholanzi ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotangaza kutoshiriki shindano la 70, lililopangiwa Vienna mwaka 2026, kwa sababu Israel iliruhusiwa kushiriki wakati dunia inaitazama Gaza. Hispania, Ireland na Slovenia nazo zikasema hivyo hivyo. Uholanzi, wadau. Nchi ya Jetty Paerl, nchi iliyofungua pazia pale Lugano. Wale wazee wa Monaco waliandika kanuni za dakika na majaji. Swali la nani anastahili kuimba wakati bunduki zinalia hawakulimaliza, na limewarudia wajukuu zao.

NA SISI JE?

Mwaka 1956 huku kwetu hatukuwa na luninga kabisa. Kenya ilianza 1962, Zanzibar katika miaka ya 1970 ikiwa na picha za rangi, Tanzania Bara tukasubiri hadi 1994. Lakini umoja tulikuwa nao. Umoja wa mashirika ya redio na luninga ya taifa ya Afrika, URTNA, uliundwa 1962, miaka 12 tu baada ya EBU.

Shindano la kuimba pia tumewahi kuwa nalo. Tusker Project Fame lilianza Nairobi mwaka 2006, likawaweka vijana wa Kenya, Uganda na Tanzania nyumba moja, Valerie Kimani akashinda, na nusu ya mtaa wetu tulikuwa tunapiga kura kwa meseji. Lilikuwa zuri sana. Ila lilikuwa mali ya mdhamini, na mdhamini akichoka, jukwaa linafungwa. Eurovision imezikwa na magazeti mara ngapi sijui, lakini haiwezi kufa kwa uamuzi wa kampuni moja, kwa sababu mwenye nayo ni umoja wa mashirika ya umma, na kila shirika lina sehemu yake ya gharama na ya aibu.

Tunao watunzi, waimbaji, na lugha moja inayoeleweka kutoka Mombasa mpaka Lubumbashi. Wazungu wa 1955 hawakuwa na lugha ya pamoja, na walikuwa wamezikana juzi tu. Walichokuwa nacho ni mwenyekiti aliyeitisha kikao, mtu aliyeleta wazo, na karatasi waliyokubali kuisahihisha kila walipoumbuka.

Kama kesho TBC, KBC, UBC na RTNC wangeitisha kikao chao cha Monaco, tuseme kule Arusha, kanuni ya kwanza ungetaka iandikwe ipi? Mimi yangu ninayo: kura zihesabiwe mbele ya kamera. Leteni na zenu.

Siku njema.